Mkono Usiosikia

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimelinunua kwa sababu ya Bwana Malengo. Hilo si jina lake, ni jina tulilompachika sisi wa viti vya nyuma. Ni yule mwezeshaji aliyetukusanya Ijumaa, mafundi na wachuuzi wa mtaa huu, akatuambia kwamba mtu aliyejiajiri bila malengo ya kuandikwa ni sawa na mtu anayepanda ngazi iliyoegemezwa hewani. Fundi redio aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, "Mimi hata hiyo ngazi sina." Tukacheka kama watoto wa shule. Lakini nimefika nyumbani na maneno yale bado yananing'ang'ania.

Basi, haya ndiyo yangu, na nakala yake nitamkabidhi kwenye karatasi. Ya kazi: kabla mvua za masika hazijaisha, saluni yangu iwe na kiti cha pili, na nyuma ya kiti hicho asimame kinyozi wa pili. Miaka kumi na tisa nimenyoa watu kwenye kiti cha mtu mwingine. Huu ni mwaka wa pili nanyoa kwenye changu, na nimeona kwamba kiti kimoja hakikupi nafasi hata ya kuugua mafua. Ya nyumbani: niwe nafika kabla jua halijazama, nile pamoja na mke wangu na binti yangu, nisile tena chakula kilichofunikwa sahani. Na asubuhi nitembee hadi darajani na kurudi, maana pumu yangu haipendi mtu anayesimama kutwa.

Bwana Malengo alitaka pia tuandike jambo moja tunaloliogopa. Niliandika "Kaka", halafu nikalipiga mstari. Sijui hata kwa nini niliandika. Mimi na kaka yangu hatujasalimiana mwaka wa nane sasa.

Alhamisi, 6 Machi

Vichwa tisa. Nimetembea hadi darajani. Mguu wa kushoto unalalamika.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee Karani alifika saa tatu kamili, kama kawaida yake. Alistaafu ukarani zamani, ila ukarani wenyewe haujamstaafu: akiingia anakagua kwanza kama taulo zimekunjwa sawasawa. Anataka ndevu zake zinyolewe kwa wembe, mashine hataki kuisikia. "Mashine ni ya kukatia majani," anasema.

Leo nilipomaliza alijipapasa shavu, akasema, "Mkono wako mwepesi, mwanangu. Kama wa kaka yako enzi zake."

Nikakunja taulo. Watu wa umri wake wanamkumbuka Kaka wa wakati ule. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, kwenye duka lake la viti vitatu, barabara kuu. Kisha akaanza chupa. Alikuwa anakunywa asubuhi, mchana kweupe, huku wateja wamekaa wanamnusa. Siku moja akamkata mtu sikio. Duka likafungwa. Tulipokaa kikao cha familia baada ya kumzika baba, nilisimama mbele ya wajomba na mashangazi nikamwambia, "Baba amekufa na aibu yako kifuani." Hakunijibu hata neno. Alitia mikono mfukoni akatoka.

Jambo dogo: jioni mke wangu alinipa chai, kikombe kikagongagonga kwenye kisosi. "Umekula mchana?" akauliza. Nilikuwa sijala. Nikala, nikasahau.

Jumamosi, 15 Machi

Seremala amekubali kunitengenezea kiti cha pili. Tumekubaliana mbao, urefu, na kile chuma cha kuegemeza miguu. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Leo brashi ya sabuni ilimpaka Mzee Karani povu puani. Akasema, "Pua haina ndevu, mwanangu, labda ungeniuliza." Tulicheka. Lakini mkono ule ulikwenda wenyewe. Mimi sikuutuma.

Jumatano, 19 Machi

Mvua imeanza leo, kama mgeni asiyepiga hodi. Maji yalipita chini ya mlango, nikanyanyua nyaya zote. Mteja mmoja tu, naye alikuja kujikinga.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Nimegundua kwamba nikiuacha mkono umelala pajani unatulia kabisa. Nikiuinua kushika kitu, hasa kitu chepesi, unaanza. Hautetemi sana. Ni kama uzi wa nguo kwenye upepo. Wateja wa ndevu nawaambia nyembe zimeniishia, nawapitishia mashine. Watu watatu leo nimewadanganya. Nyembe ninazo pakiti nzima droo ya chini.

Alhamisi, 27 Machi

Binti yangu ana miaka kumi na miwili na haoni aibu kushikwa mkono tukivuka barabara. Leo akaniuliza, "Baba, mbona siku hizi unanipa mkono wa kushoto tu?" Nikamwambia ule mwingine una mwavuli. Akauangalia. Mwavuli nilikuwa nimeusahau saluni, sote wawili tumelowa chapachapa.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemkata Mzee Karani.

Naandika yote, maana nisipoandika nitaanza kujisimulia tofauti.

Alikuja saa tatu na mvua yake. Nikamwambia nyembe zimeisha. Akafungua droo ya chini kwa mkono wake mwenyewe, karani kabisa, akatoa pakiti akaiweka mezani. "Kwenye orodha yako zimeisha," akasema, "ila ghalani zipo." Akaketi, akaegemeza kichwa, akafumba macho. Hilo la kufumba macho ndilo linaloniumiza mpaka sasa. Mtu anakupa koo lake na kulala.

Shavu la kulia lilikwenda vizuri. Nilikuwa nimebana kiwiko kwenye mbavu, nimeshika pumzi. Nikahamia chini ya taya. Mkono ukaruka. Sina neno jingine: uliruka, kama mtu aliyeitwa. Nikaona mstari mwembamba mwekundu kwenye povu, kisha ukapanuka.

Si jeraha kubwa. Nilibana kwa taulo, nikapaka spiriti, damu ikasimama. Yeye hakupiga kelele. Alifumbua macho akanitazama kupitia kioo, akasema, "Endelea."

"Siwezi, mzee."

"Upande mmoja umebaki."

"Naona. Siwezi."

Alitazama mkono wangu ambao wakati huo ulikuwa ukitikisa taulo nzima. Aliinuka, akavaa kofia, akatoka kwenye mvua na uso wake umenyolewa nusu, povu bado limemganda sikioni. Nilimwita achukue mwavuli wangu. Alipunga mkono bila kugeuka.

Jumanne, 1 Aprili

Mke wangu ameniuliza. Alisubiri binti atoke kwenda shule, akafunga mlango, akakaa mbele yangu.

"Baba watoto, nikuulize jambo, na usikasirike. Umeanza kunywa?"

"Mimi?"

"Watu wanasema umemkata mzee wa watu. Wanasema damu ni ile ile."

Mtaa huu hauhitaji gazeti. Nilimwonyesha mkono. Niliunyoosha hapo mezani kati yetu, tukautazama wote wawili kama kitu kilicholetwa na jirani. Alishika vidole vyangu kuvituliza, alipoviachia vikaendelea.

"Ijumaa hospitali," akasema.

Ijumaa, 4 Aprili

Daktari kijana, mpole. Alinipa kalamu nichore mduara unaojizungusha kama ganda la konokono. Nilichora kitu kama nywele za kipilipili. Akanipa vikombe viwili, nimimine maji kutoka hiki kwenda kile. Nililowesha suruali yangu na karatasi zake.

"Ni mtetemo wa kurithi," akasema. "Si ule ugonjwa mbaya wa ubongo unaouogopa. Kuna mtu kwenye ukoo mwenye hali hii?"

Nikasema hapana. Kisha nikakumbuka baba. Baba hakuwahi kunywa chai mbele ya wageni. Angeomba iwekwe pembeni ipoe, na wageni wakiondoka tunaikuta imejaa. Tulidhani ni adabu ya watu wa zamani.

Dawa ipo, inayosaidia wengine. Aliposikia nina pumu akaikata kwa kalamu, maana inabana pumzi. Ipo nyingine, atanijaribishia, ila huleta usingizi na huenda isifae kitu. "Habari njema ni kwamba haukuui," akasema.

"Daktari, huo mkono ndio unaonilisha."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema jambo moja zaidi nikiwa mlangoni. "Wengi hugundua wenyewe kwamba pombe kidogo huutuliza mkono kwa saa chache. Nakuambia mapema usije ukadhani umevumbua dawa. Ikiisha, unarudi mkali zaidi."

Nikamwambia mimi sinywi. Sijawahi.

Jumanne, 8 Aprili

Dawa. Nimesinzia nimesimama, nyuma ya kichwa cha mtu.

Ijumaa, 11 Aprili

Kiti cha pili kimefika. Seremala amefanya kazi safi, mtu angekaa humo hata bila kunyolewa. Nimekifuta vumbi, nimekitazama. Lengo langu la kwanza. Mtu wa kusimama nyuma yake hajapatikana, na wa kusimama nyuma ya kile cha zamani naye anaishaisha.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeacha zile dawa. Mkono umebaki pale pale, sema angalau macho yamefunguka kuuona.

Jumamosi, 19 Aprili

Tangu Februari nilikuwa nimeahidi kumnyoa bwana harusi pamoja na ndugu zake watano, asubuhi ya leo. Juzi nilimwendea kumwambia atafute mwingine. Sikumaliza sentensi. Alinishika bega, akasema, "Fundi, bila wewe siioni hiyo harusi." Mtu akikuambia hivyo unamjibu nini?

Saa mbili asubuhi, kabla hawajaja, niliingia kwenye kichumba cha nyuma ninakoweka ndoo na mifagio. Nilikuwa nimenunua chupa ndogo ya pombe kali, ile ya kuingia mfukoni, mbali na mtaa wetu. Nilikunywa kama mtu anavyomeza dawa ya minyoo: kwa kubana pua. Ilinichoma hadi masikioni. Nikakaa juu ya ndoo nikisubiri.

Baada ya muda nilinyanyua mkono. Ulikuwa umetulia tuli.

Siwezi kueleza furaha ile. Nilitoka nikachukua wembe, nikaugeuzageuza kwenye mwanga, mkono ukaenda nilikoutuma na ukasimama niliposema simama. Nilitaka kulia. Wakaja na kelele zao na suruali mpya. Nikamnyoa bwana harusi, nikamchonga kona za paji la uso kama zimepigwa rula. Nikamnyoa wa pili. Wa tatu akaniambia, "Fundi, leo umeamkia upande mzuri."

Nilipomfikia wa nne, mwenye ndevu nyingi, alivuta hewa kwa pua, akanitazama kupitia kioo. Alisogeza tu shingo yake kidogo, pembeni, mbali na mimi. Na hapo hapo, wembe ukiwa hewani, nilimwona Kaka. Nilimwona amesimama kwenye duka lake asubuhi, na wateja wanamnusa. Miaka minane nimesema alikunywa ndipo mkono ukaharibika.

Nilimmalizia yeye, kisha wale wawili waliobaki. Sijui nilifanyaje. Wakatoka wakiimba. Mimi nikaketi kwenye kiti kipya, nikawa mtu wa kwanza kukikalia.

Jumapili, 20 Aprili

Mkono umeamka na hasira. Nimeshindwa kufunga vifungo vya shati. Mke wangu alinifungia kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu, na alipofika shingoni akasimama. Amenusa.

"Jana," akasema.

"Jana tu."

Alimalizia kifungo cha juu. "Mke wa kaka yako naye aliambiwa hivyo. Alikuwa ananisimulia huku anapepeta mchele."

Jumanne, 22 Aprili

Nimekunywa. Kidogo.

Alhamisi, 24 Aprili

Tena. Wateja saba, hakuna aliyekatwa. Mvua.

Jumamosi, 26 Aprili

Asubuhi na mchana. Mwanzoni kile kidogo kilitosha hadi saa nane, sasa saa sita mkono unadai. Mzee Karani hajaja tangu siku ile. Nilifika nyumbani kabla jua halijazama, kama lengo linavyotaka, na binti yangu akanisalimia akiwa amesimama mbali.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekwenda kwa Kaka.

Nilijua anafanya kazi kwenye kitalu cha miche, ng'ambo ya daraja, zaidi ya hapo nilikuwa sijui kitu. Kwa miezi miwili nimekuwa natembea hadi darajani na kugeuza. Leo sikugeuza.

Nilimkuta amechuchumaa chini ya kivuli cha nyavu, anajaza udongo kwenye vifuko vyeusi. Mikono inamtetemeka yote miwili, vibaya kuliko wangu. Udongo ulimwagika pembeni, akaukusanya akaurudisha, ukamwagika tena. Hakuwa na haraka. Kwa kazi ile, udongo ukimwagika hauna hasara. Amezeeka. Lakini macho yake ni meupe, maji maji hayana tena, na nilipokaribia nilinusa mbolea na sabuni tu.

"Shikamoo, Kaka."

Alimaliza kwanza kile kifuko. "Marahaba."

Hakuniambia kaa, nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakanipotea. Basi nikanyoosha mkono wa kulia mbele yake. Nilikuwa sijanywa tangu jana. Ulitikisika kama wa mtu anayeaga.

Aliutazama muda mrefu.

"Umeanza lini?"

"Machi."

"Kikombe au wembe?"

"Kikombe."

"Mimi ulianza na wembe," akasema. "Kikombe kilifuata." Kisha, kama anauliza hali ya hewa, "Na chupa?"

"Wiki ya pili sasa."

"Ah." Alichukua kifuko kingine. "Mimi nimeacha mwaka wa tano huu. Hukuambiwa?"

Hakuna aliyeniambia. Ama waliniambia nikakataa kusikia, maana nilipenda kuwa mdogo mtu aliyefaulu, mbele ya kaka aliyeshindwa.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Siku ile ya kikao. Ungesema ni ugonjwa, nani angekulaumu?"

Alicheka kidogo, bila ubaya. "Ungeniamini? Chupa ilikuwa mfukoni. Halafu, mdogo wangu, nilipima mwenyewe. Nikaona heri niitwe mlevi kuliko kuitwa mgonjwa. Mlevi watu husema, ipo siku ataacha. Mgonjwa wa mkono, wakati yeye ni kinyozi, watasemaje? Basi tena. Nilitaka waendelee kunidai kitu."

Mvua ikaanza kudondoka juu ya nyavu. Nikamwambia nisamehe. Nililisema vibaya, kwa haraka, nikiangalia miche.

"Nimekusikia," akasema.

Nikangoja aongeze. Hakuongeza.

Nilipoinuka alinishika suruali kwa vidole vyenye udongo, kama alivyokuwa akinishika utotoni nisikimbilie barabarani. "Iache hiyo chupa. Sikuambii kwamba utapona. Ukiiacha, mkono utatetemeka. Usipoiacha utatetemeka vile vile, na mkeo ataondoka. Chagua."

"Hakuna njia ya tatu?"

"Nimeitafuta miaka minane." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu wa pili, mkono wake umeanza. Ana miaka ishirini na minne. Anasomea ufundi saa."

Nikarudi kwa miguu. Jioni binti yangu alikuwa anaandika kazi za shule. Nilisimama nyuma yake nikitazama kalamu ikienda, moja kwa moja, herufi zimenyooka. Nilisimama mpaka akaniuliza, "Baba, nimekosea?"

Alhamisi, 1 Mei

Chupa nimeimwaga uani. Mke wangu alikuwa anaosha vyombo, akaniona. Akanisogezea ndoo ya maji niisuuze.

Jumatatu, 5 Mei

Siku ya nne. Wembe nimeacha kabisa. Mashine naishika kwa mikono miwili kama mtu anayebeba kuku. Watu watatu. Mmoja aliondoka katikati.

Jumamosi, 10 Mei

Saa tatu kamili Mzee Karani alipita mbele ya saluni. Alikuwa na ndevu! Nyeupe, zimejaa mashavuni mpaka kidevuni. Nikatoka nje.

"Mzee, kuna kinyozi hodari pale kona ya soko."

"Nimemwona," akasema. "Ana mashine." Akazishika ndevu zake. "Nafuga. Nimegundua baridi ya asubuhi imepungua." Akaangalia juu, mawinguni, akakagua. "Na wewe hujambo?"

"Sijambo, mzee."

"Sikusema kwa mtu yeyote," akasema. "Ile habari. Walioona ni waliokuwa wamesimama barazani, wanakimbia mvua." Akaenda zake. Kwa hiyo zaidi ya mwezi nimemwekea kinyongo bure.

Jumatano, 14 Mei

Amekuja mwanamke kuuliza kama kiti cha pili kina mtu. Saluni aliyokuwa anafanyia imeingiwa na maji. Nikamwambia anyoe kichwa cha fundi redio, nione. Fundi redio akaapa kwamba mwanamke hajawahi kumshika kichwa isipokuwa mama yake. Baada ya dakika ishirini alikuwa anajitazama kwenye kioo, hataki kushuka. Mkono wa yule dada ukienda hurudi pale pale ulipoanzia. Sikuweza kuutazama hadi mwisho. Nilichukua ufagio.

Jumatatu, 19 Mei

Yule dada wateja kumi na mmoja, mimi mmoja. Ananiita Bosi. Nafagia nywele, nakunja taulo, nachemsha maji. Leo nilimfokea kwa sababu ya kitana kilichowekwa mahali pasipo pake, na kitana nilikiweka mimi. "Samahani, Bosi," akasema. Ningependa angenijibu vibaya.

Alhamisi, 22 Mei

Bwana Malengo amefanya ziara. Anazunguka kukagua tumefika wapi. Alisimama katikati ya saluni akafungua karatasi yangu ya Machi.

"Kiti cha pili?"

"Kile pale."

"Kinyozi wa pili?"

"Yule pale."

"Kufika nyumbani kabla ya jua kuzama?"

"Kila siku," nikamwambia. Ni kweli. Mtu asiye na mteja huwahi.

"Matembezi ya asubuhi?"

"Kila siku."

Akanipiga picha nimesimama kati ya viti viwili, mikono nyuma. Alisema mimi ni mfano wa kuigwa, atanitaja kwenye semina ijayo. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini alikuwa na furaha, jasho linamtiririka, na nadhani katika mtaa mzima ni mimi peke yangu aliyenikuta nimetimiza. Nikamwambia asante, karibu tena.

Jumapili, 25 Mei

Mvua zinapungua. Nimelala kutwa.

Ijumaa, 30 Mei

Tumezungumza, mimi na mke wangu. Yeye anasema nibaki saluni, nipokee watu, niongee nao, kwamba wengine huja kwa mdomo wangu. Nikamwambia mdomo haunyoi. Akasema, "Kwani nani kakuambia ushindwe mara moja tu halafu basi? Sisi wengine tunashindwa kila siku na bado tunapika." Sikuelewa kama ni faraja au ni karipio. Naye nadhani hakujua.

Jumamosi, 7 Juni

Leo haikunyesha. Watu wametoka wote kama mchwa. Dada wa kiti cha pili ana mteja, wanne wanasubiri barazani, na mimi nakunja taulo. Akaingia Kaka.

Hajawahi kukanyaga hapa. Alitazama kioo, taa, kile kiti changu cha zamani kisicho na mtu. Nywele zake zilikuwa ndefu na chafu chafu za vumbi la kitaluni. Barazani mazungumzo yakakatika. Wazee wawili kati ya wale wanne walikuwa wateja wake enzi zile.

Akaenda akaketi kwenye kiti changu. "Ninyoe."

"Karibu, Kaka. Dada akimaliza huyu..."

"Nimesema ninyoe wewe."

"Siwezi."

"Najua," akasema. "Ninyoe."

Nikamfunga shuka shingoni. Fundo lilinichukua muda, na watu wote wanaangalia. Nikawasha mashine, nikaishika kwa mikono miwili, nikaiweka kichwani mwa kaka yangu. Ikaruka. Ikachimba shimo juu ya sikio. Nikaomba radhi. "Endelea," akasema. Nikaendelea. Huku ikapita chini, kule ikaacha kishungi. Jasho likaniingia machoni. Kichwa chake nacho kilikuwa kinatikisika kidogo, jambo ambalo nilikuwa sijaliona kwake, kwa hiyo mashine ikienda kulia kichwa kinakwenda kushoto. Mtu mmoja barazani alicheka, mwenzake akamnyamazisha. Dada alizima mashine yake. Kwa dakika nyingi ikasikika yangu tu.

Nilipomaliza, maana mwisho nilisema nimemaliza, alijitazama kwenye kioo. Kulia, kushoto. Alionekana kama shamba lililopitiwa na mbuzi.

"Mbaya," akasema.

"Mbaya sana, Kaka. Mwache Dada akupitishie zote, ziishe."

"Mwambie asiziguse."

Akajifungua shuka mwenyewe, akajipangusa shingo. Kofia aliyokuja nayo aliikunja akaitia mfukoni. Akatoka. Nilimfuata hadi mlangoni. Hakupita njia ya nyuma inayokwenda darajani, ingawa ndiyo fupi. Alishika barabara kuu, kichwa wazi, jua linamwangazia kila kovu nililomwachia, akapita mbele ya maduka, mbele ya lile lililokuwa lake. Muuza vitambaa alitoka nje kabisa kumtazama.

"Bwana wewe!" akamwita. "Nani kakufanyia hivyo?"

Kaka alisimama katikati ya watu. Nilimsikia kutoka mlangoni kwangu, na nadhani hadi sokoni walimsikia.

"Mdogo wangu!" akasema.